Ndevu za Daktari Zebaki

New York,
Januari 19, 1948

Kwako Dada Milka,

Natumaini barua hii inawakuta wote wazima, na goti la Mama limeacha kuvimba. Mwambie asishuke mwenyewe kwenye chumba cha chini kufuata mapipa ya kabichi, binti yako Rosalie yupo, amtume. Mimi huku sijambo, ila mafua hayaniachi na chumba changu kina baridi kiasi kwamba nalala na soksi mbilimbili. Ule mkate wa mbegu za popi ulionifungia Krismasi haukumaliza wiki. Nilijaribu kuwanyima wenzangu ofisini, lakini chumba chetu ni kidogo na harufu ile haina adabu.

Sasa habari yenyewe. Nimepewa Nyundo ya Usiku! Yote, dada, hata sura za watu wake nizibuni upya. Si kuchora tena magari yanayopinduka nyuma ya mashujaa wa watu wengine. Mhariri wetu, Bwana Fessler, aliniita akiwa na sandwichi mdomoni akasema, "Hlavaty, wewe una mkono mwepesi na hulalamiki. Chukua huyu." Basi, nikatoka pale natembea kama nimepandishwa cheo cha jenerali.

Najua wewe husomi vitabu vya katuni, kwa hiyo nakueleza. Mchana shujaa wetu ni Elmer Tubbs, muuza viatu mpole ambaye kila mteja humfokea. Jambazi akitokea, Elmer anajifungia stoo, anavaa barakoa ya chuma, anashika nyundo yake, na hakuna mtu mjini anayejua kuwa ni yeye, hata msichana anayesimama naye kaunta moja. Siri hiyo ikitoka, maadui watawamaliza wote anaowapenda. Bila siri hakuna hadithi.

Jina langu mimi halitaonekana popote. Kila toleo husainiwa "Rex Holloway", mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Afadhali iwe hivyo. Shemeji Emrys akiuliza, endelea kumwambia nachora matangazo ya majiko. Siku ile ya Krismasi aliposema mezani kwamba wachoraji wa vitabu hivi ni wachafuzi wa akili za watoto, huku anamkatakata yule bata bukini kama anamhukumu, nilitamani kumeza uma. Na wewe uliyejua kila kitu ukanipitishia viazi, kimya. Asante kwa viazi.

Nimembuni adui mpya. Anaitwa Daktari Zebaki, anayeyusha milango ya benki kwa zebaki ya moto, na anaongea kama anahutubia mkutano wa wazazi. Atatoka Aprili. Nampenda sana huyu mtu.

Mbusu Mama na Rosalie.

Mdogo wako,
Metod

*

Carreg Hollow, Pennsylvania,
Aprili 25, 1948

Kwa Metod, mdogo wangu,

Sisi wazima. Goti la Mama limepoa, ulimi wake haujapoa. Rosalie aliimba peke yake kwenye kwaya ya Pasaka, hakukosea hata mstari. Mji mzima umeingia wazimu wa maandalizi, kwa sababu Agosti Carreg Hollow inatimiza miaka mia. Ni kamati juu ya kamati, na sitakuchosha na habari zao. Emrys mzima na ana shughuli nyingi.

Sasa wewe mtoto, umefanya nini?

Jumatano nilikuwa natandika kitanda cha Rosalie, nikakuta kitabu chini ya godoro. Nikaona Nyundo ya Usiku, nikasema hiki ni cha Metod, acha nione mkono wake. Nilianza kusoma nimesimama, nikaishia nimekaa. Nilijivunia, sikufichi. Kisha nikafungua ukurasa anaoingia huyo Daktari Zebaki wako.

Kidevu kile kirefu! Nyusi zilizoshikana! Kidoa cheusi chini ya jicho la kushoto! Halafu anaweka kidole kando ya pua kabla ya kusema neno lake la busara. Metod, kidole kile nimekula nacho chakula cha jioni miaka kumi na miwili. Mama hajui kusoma Kiingereza, lakini alipita na kikapu cha nguo, akachungulia begani kwangu, akasema, "Huyu mkwe wangu mbona kavaa joho?"

Unaona mchezo sasa? Emrys ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi ya kuondoa vitabu vya katuni mjini. Septemba bodi ya elimu inampigia kura ya usimamizi wa shule za wilaya nzima, cheo anachokitamani tangu siku niliyomjua. Ikijulikana kwamba wakati yeye anavikusanya, shemeji yake anavichora, tena kwa sura yake, watu watamcheka hadi barabara kuu. Kura itakwenda na maji. Na akifika nyumbani hatakutazama wewe uliye New York. Atanitazama mimi niliyekula nawe njama na kupitisha viazi.

Badilisha uso huo. Sikuombi, nakwambia.

Dada yako,
Milka

*

New York,
Mei 3, 1948

Dada Milka mpendwa,

Salamu kwa wote. Mpongeze Rosalie kwa kuimba, na mwambie chini ya godoro ndipo mahali pa kwanza watu wazima wanapotazama. Mafua yamekwisha. Huku joto limeanza na jirani yangu wa juu amenunua trumpeti, sina raha.

Kuhusu lile jambo lako, kwanza tulia. Videvu virefu viko vingi duniani. Ninapochora kurasa nane kwa siku tatu, sura inakuja mkononi yenyewe, sikai kuuliza imetoka wapi. Labda ni ya shemeji, labda ni ya yule mzee aliyekuwa akiuza tiketi za treni.

Pili, kazi yetu haiendi kama unavyofikiri. Ninachochora leo kinauzwa baada ya miezi mitatu au minne. Toleo la Juni limeshachapwa, na la Julai liko kwa wapaka rangi. Kuna karatasi ya sura iliyobandikwa ukutani, Daktari Zebaki wa mbele, wa ubavu, wa nyuma, akicheka na akikasirika, na kila anayepaka wino anaifuata hiyo. Siwezi kuamka asubuhi nikampa kidevu kingine, Fessler atanipeleka kwa daktari wa vichaa. Na kumuua siwezi, kwa sababu watoto wanaandika barua wanamtaka zaidi. Wanamchukia vizuri sana.

Lakini kuna njia moja wachoraji wote wanaijua. Nitamfuga ndevu. Nyeusi, nene, kuanzia masikioni hadi kifuani, na sababu nitamtungia: mvuke wa maabara yake umeziotesha. Kidevu kikishafunikwa, nani atamjua? Shemeji hunyoa kila siku kabla jogoo hajawika. Toleo hilo litatoka Agosti, na hapo utalala usingizi.

Umeandika kurasa mbili nzima juu ya Emrys, Mama na Rosalie. Wewe je? Bado unawafundisha watoto wa majirani hesabu pale jikoni? Yule wa kina Kovalik aliyekuwa hajui kusoma, amejua?

Mdogo wako,
Metod

*

Carreg Hollow,
Mei 20, 1948

Metod,

Sote wazima. Mama anasema ule chakula cha moto, si sandwichi tu.

Ndevu. Haya. Ziwe nyingi.

Hapa ukusanyaji umeanza. Watoto wanaleta vitabu shuleni, na kwa kila rundo wanapewa tiketi ya kuingia bwawa la kuogelea. Mimi nasimama kwenye meza ya kupokea, kwa kuwa mke wa mkuu wa shule husimama kwenye meza. Jana mtoto mmoja alilia akitoa vyake. Nikamwambia asilie, atapata vitabu vizuri zaidi. Akaniuliza, "Kama kipi?" Nikamkatia tiketi yake ya bwawa.

Vitabu vyote vinawekwa stoo ya shule. Vitachomwa siku ya sherehe ya mji, baada ya hotuba ya Emrys.

Kuhusu ulichoniuliza, mimi sijambo.

Milka

*

New York,
Juni 14, 1948

Dada yangu,

Salamu. Mimi mzima wa mwili, kichwa kinaniuma. Fessler amekata mwisho wa hadithi yangu bora akasema haina ngumi za kutosha. Nikamwambia watu hawapigani kila ukurasa. Akasema, "Hlavaty, kwa senti kumi wanataka wapigane hata kwenye jalada la nyuma." Nikarudi mezani nikaongeza ngumi. Hivyo ndivyo msanii anavyoishi huku.

Ndevu zimekwenda. Nimezichora kwa mkono wangu kwenye karatasi ya sura, zimejaa kama kichaka, na mwenzangu anayepaka wino alinilaani kwa sababu kila unywele unataka mstari wake. Fessler amezipenda. Amesema sasa anatisha mara mbili.

Nimekuuliza juu yako, umeniandikia neno moja, "sijambo". Mara ngapi utanipiga chenga? Basi nitasema mimi. Ulifundisha darasa la tano miaka mitatu ya vita, kwa sababu walimu wanaume walikwenda vitani na bodi ikasahau sheria yake ya kutoajiri wanawake walioolewa. Nilikuja likizo na magwanda yangu, nikakukuta una chaki kwenye nywele, unacheka. Sikuwahi kukuona hivyo, hata siku ya harusi yako. Vita vikaisha, wanaume wakarudi, bodi ikaikumbuka sheria. Aliyetia saini karatasi ya kukuachisha kazi ni mkuu wa shule. Mume wako. Jioni ile ile akala kabichi uliyopika, akasema imeiva vizuri.

Ndiyo, ni uso wake. Nilimchora kwa makusudi, doa kwa doa, na kila Elmer anapomtwanga ngumi mimi napata usingizi. Nimechoka kukaa kwenye meza ile kila Krismasi najifanya nauza majiko mbele ya mtu aliyekufanyia vile. Na nimechoka zaidi na wewe, dada, unavyomlinda. Kwa nini hukusema kitu?

Metod

*

Carreg Hollow,
Agosti 22, 1948

Metod,

Mama mzima. Rosalie mzima. Nimekaa miezi miwili bila kukujibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika kalamu ilitoboa karatasi. Hayo uliyoyaandika Juni nimeyasoma. Sitaki kuyazungumza. Nina jambo jingine, na ukicheka nitajua hata nisipokuona.

Nilikwambia Aprili kwamba mji wetu unatimiza miaka mia. Sikukwambia, kwa kuwa nilidhani ni upuuzi usiokuhusu, kwamba kamati ya sherehe iliamuru kila mwanaume wa Carreg Hollow afuge ndevu kuanzia Mei, ili wote wafanane na wachimba makaa wa kwanza. Anayetaka kunyoa alinunua kibali na kukibandika kifuani watu wamzomee. Asiye na ndevu wala kibali alikamatwa na wazee wenye kofia ndefu na kutumbukizwa kwenye hori la kunyweshea farasi mbele ya benki. Emrys alikataa wiki nzima. Kisha wakamwambia kura ya Septemba inahusu mtu wa watu. Akafuga.

Nyeusi. Nene. Kuanzia masikioni hadi kifuani.

Sasa unaona? Kama uso ule wa kwanza, wa Aprili, ungekuwa ukutani kwenu hadi leo, hakuna mtu hapa angeutambua, maana mwenyewe ulikuwa umefunikwa! Toleo lako la Agosti limefika duka la dawa, ambako ndiko huuzwa magazeti na vitabu hivi, siku nne kabla ya sherehe. Watoto walikuwa wametoa vitabu vyote vya zamani, wakawa na kiu, wakalinunua kama maji.

Jumamosi bendi imepiga, meya ameongea, pipa la moto liko tayari uwanjani na vitabu vimerundikwa pembeni. Emrys anapanda jukwaani na koti jeusi refu la kukodi, la zamani za wachimba makaa. Koti lina kola ya kusimama, Metod. Kama joho. Akaweka kidole kando ya pua, akasema, "Ndugu wananchi, sumu huingia polepole."

Yule mtoto wa kina Kovalik, aliyekuwa hajui kusoma, akasimama juu ya benchi na kusoma kwa sauti kubwa jina lililoandikwa juu ya jalada la kitabu alichokishika. "Daktari Zebaki!" Akamwonyesha jirani yake. Jirani akamwonyesha mwingine. Ikaanza kama mzaha, ikawa uwanja mzima, watoto wanaimba Ze-ba-ki, Ze-ba-ki, wazazi wanawavuta masikio huku wenyewe wamejificha nyuma ya kofia wanacheka. Hata mpiga ngoma wa bendi aliangukia ngoma yake. Emrys alisimama pale. Hakujua anachekwa nini. Alijishika zipu ya suruali, akatazama viatu vyake. Kisha mtu akampa kile kitabu.

Moto haukuwashwa. Amerudi nyumbani na gari zima la vile vitabu, ameviweka jikoni, na tangu jana usiku hajatoka humo. Si hasira, hasira naijua. Anasoma. Toleo moja baada ya jingine, tangu la kwanza, na kalamu nyekundu mkononi kama anasahihisha mitihani. Mimi napita na sufuria nazunguka marundo.

Yamenifika shingoni. Wewe na ndevu zako, yeye na ndevu zake.

Milka

*

New York,
Agosti 27, 1948

Dada,

Sina salamu ndefu leo.

Nilicheka. Nisamehe, nilicheka nikashindwa kusimama, hadi jirani akaacha trumpeti akaja kugonga mlango. Halafu nikasoma tena pale alipojishika zipu, kicheko kikakatika. Nimemchora mtu huyo akianguka kwenye mapipa na mitaro, akigongwa na treni, na sikuwahi kumchora anatazama viatu vyake.

Lakini na wewe ungeniambia! Mji mzima unafuga ndevu, miezi mitatu, na wewe unaniandikia "sijambo". Neno moja tu lingetosha, "wanafuga ndevu", ningempaka hata upara. Tumekuwaje watu wa hivi? Mimi naficha kazi, wewe unaficha kila kitu kingine, halafu tunashangaa mambo yakilipuka.

Nikija Jumapili nikamwambia mimi mwenyewe, itasaidia? Nitavua kofia mlangoni, niseme ni mimi Rex Holloway. Anipige ngumi akitaka, ananidai nyingi. Nijibu haraka, safari hii usinikalie kimya.

Jambo jingine, na hili nilitaka uligundue mwenyewe. Tangu Aprili umekodolea macho adui peke yake. Huyo mwingine hujamtazama hata kidogo.

Metod

*

Carreg Hollow,
Septemba 14, 1948

Mpendwa Metod,

Mama mzima, anakusalimu, anasema mwaka huu kabichi imekubali sana na uje na mfuko mkubwa. Rosalie ameingia darasa la tano. Mimi nitakueleza, kaa chini.

Barua yako ilinikuta mambo yamekwisha kutokea, kwa hiyo usijisumbue na kofia yako.

Jumapili ile baada ya sherehe Emrys alimaliza kusoma. Mama alikuwa amelala, mimi nasugua masufuria ili mikono ipate kazi. Akasema, "Rex Holloway ni Metod." Hakuuliza. Nikasema ndiyo. "Maabara ya huyu mtu ina rafu yetu ya jikoni, na ile sufuria iliyopasuka mpini." Nikasema ndiyo. "Ulijua?" Nikasema nilijua tangu mwanzo, na nikangoja dari ianguke.

Haikuanguka. Alivuta kiti, akafungua toleo la Aprili, akasema, "Mimi amenipa kidevu changu. Haya, ninacho. Lakini huyu ni nani?" Kalamu nyekundu ilikuwa juu ya Elmer Tubbs, amepiga magoti dukani anamvisha kiatu bibi mmoja mnene anayemfokea.

Nikamwambia, huyo ni mtu wa kubuni, muuza viatu.

"Ni wewe," akasema.

Nikacheka. Nikamwambia, Emrys, huyo ni mwanaume. Akageuza kurasa moja moja. Kila alipofokewa Elmer alikuwa amezungushiwa duara jekundu. "Mashavu yako. Pengo lako la jino. Na tazama anavyofanya akikaripiwa, anashika kiwiko cha kushoto kwa mkono wa kulia na kutazama chini." Nikatazama chini nipate la kusema, na mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika kiwiko changu cha kushoto, povu la sabuni linadondoka sakafuni.

Metod, mpumbavu wewe. Miezi mitano nakuandikia juu ya uso wa mume wangu, na wangu uko kila ukurasa.

Akauliza, "Nani anakufokea, Milka? Mimi sijawahi kukupandishia sauti." Na ni kweli, hajawahi. Hapo ndipo yaliponitoka. Nikamwambia hukuhitaji sauti, ulikuwa na kalamu. Nikamwambia juu ya ile karatasi ya kuniachisha. Akasema ilikuwa sheria ya bodi, asingetia saini yeye angetia mwingine. Nikasema najua, na kama angeniita ofisini, akanitazama machoni, akasema Milka hii ni aibu lakini sina njia, ningeifuta aibu ile siku hiyo hiyo. Uliipeleka kwenye kisanduku changu cha barua pale shuleni, nikamwambia, kama unavyowapelekea wote, kisha ukaja nyumbani ukasifu kabichi. Miaka mitatu nimefundisha watoto wa majirani kwa kunong'ona, na wewe ukiingia nafunga daftari kana kwamba tunapika pombe. Nilisema yote, na sauti ilikuwa kubwa, mpaka Mama akagonga ukuta kwa fimbo.

Uliniuliza Juni kwa nini sikusema kitu. Sijui. Nadhani niliona aibu kutamani kitu nilichokwisha kunyang'anywa.

Nilitaka Emrys anijibu, hata kwa ubaya. Alikaa pale na ndevu zake mpaka taa ya mtaani ikazimwa, kisha akaenda kulala bila kunitakia usiku mwema, na wiki iliyofuata tuliongea kupitia Rosalie. "Mwambie baba chumvi." "Mwambie mama asante." Usitegemee nikuletee mwisho mzuri kama wa vitabu vyako. Kura amekosa. Wamempa Bwana Lathrop wa duka la mbao, mtu pekee mjini aliyenunua kibali cha kunyoa. Emrys alirudi kutoka kwenye kikao akaning'iniza kofia, akasema, "Lathrop," akapanda juu. Nilimhurumia hadi nikalia, na bado nilikuwa nimemkasirikia, na sikujua mtu anaweza kubeba yote mawili kwenye ngazi moja.

Asubuhi iliyofuata nikavaa kofia yangu ya kanisani nikapanda basi la Tamarack, wilaya ya jirani. Kule watoto wamejaa na walimu hawapo, bodi yao haiulizi tena nani ameolewa. Sikumwomba Emrys ruhusa wala barua ya sifa. Karani akaniuliza, una uzoefu? Nikasema miaka mitatu ya shule na mitatu ya jikoni. Wakanipa darasa la tano siku hiyo hiyo, maana mwalimu wao alikuwa ameacha kazi kabla ya mapumziko ya chakula.

Jioni nikamwambia Emrys mezani, mwenyewe, si kupitia kwa Rosalie. Aliweka uma chini. Alikuwa amenyoa, kidevu kimekuwa cheupe kama cha mgonjwa. Akasema watu watazungumza, mke wa mkuu wa shule anafundisha wilaya nyingine. Nikasema wazungumze. Akasema basi la Tamarack huchelewa wakati wa theluji. Hilo tu ndilo amesema mpaka leo, na mimi sijui bado ni neno la mtu anayekataa au la mtu anayeogopa nisifike.

Uso wake uache kama ulivyo, usihangaike tena na wino. Ila Elmer usimpigishe magoti kila toleo. Ana miguu.

Nakuandikia saa ya chakula, mezani kwangu darasani, kwa hiyo mwandiko una haraka. Siku ya kwanza nilipogeuka kutoka ubaoni msichana mmoja wa mstari wa nyuma alikuwa amenyoosha mkono tangu nilipoingia. Ana binamu zake Carreg Hollow, alikuwa ameiona sherehe.

"Samahani, mama," akasema, darasa zima limetega masikio. "Wewe si ndiye mke wa Daktari Zebaki?"

"Mimi ni mwalimu wako," nikamwambia. "Simama wima, nitajie jina lako."

Dada yako,
Milka